Kalamu kwa Kila Kikundi

Mugoma, Ijumaa 15 Septemba

Mvua bado. Mawingu yanakusanyika kila alasiri upande wa Burundi, yanatuchungulia, kisha yanaondoka bila hata kuaga. Audax ameshatifua shamba lote la chini na sasa hana la kufanya ila kuzunguka humo akitazama juu. Ukitaka kujua kama mume wangu ana hofu, sikiliza anavyopiga mluzi. Leo amepiga tangu asubuhi.

Mimi nimeingia rasmi kwenye bodi ya Redio Palizi, redio yetu ya wakulima inayorusha matangazo kutoka Ngara mjini mpaka vijiji vya Biharamulo. Ni asasi, si biashara. Inaishi kwa wafadhili na kwa moyo wa watu. Nilidhani mwalimu mstaafu hupewa kiti cha bodi kwa heshima tu, anywe chai, atikise kichwa, arudi kwake. Kumbe wapi! Mwenyekiti wetu, Mzee Thobias, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika na hadi leo hawezi kukaribisha wageni bila kuuliza kama akidi imetimia, amenitwika kazi kabla sijamaliza kikombe. Wafadhili wamelalamika kwamba mtangazaji wetu hana Kiswahili fasaha. Wanataka bodi iamue kabla ya mwaka kwisha: abaki, au aondolewe, tuwe tunarusha vipindi vilivyorekodiwa Mwanza. Na kwa kuwa nimefundisha Kiswahili tangu ujana wangu, maoni ya kitaalamu ni juu yangu.

Mtangazaji ni Ildefonsa, binti wa hapa hapa kwetu. Sisi Wahangaza wengi herufi l hutushinda, lakini huyu amezidi, kila l kwake ni r. Na mjumbe wa Nyabusozi kule Biharamulo, Bwana Nyanda, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, yeye ni kinyume: r haijui kabisa. Tulipofika kwenye uamuzi wa tarehe ya kikao kijacho akainua mkono, "Mwenyekiti, tupige kula." Thobias akadhani ana njaa, akaita mandazi. Ildefonsa alipoyaleta akatuambia, "Karibuni kura." Nilitamani kuwakalisha wote wawili dawati la mbele.

Jumapili 17 Septemba

Baada ya misa nimekaa uani na redio, kalamu nyekundu mkononi. Ni mazoea, siwezi kusikia kosa bila kushika kitu chekundu. Kipindi chake kinaitwa Kumekucha Shambani. Akaanza: "Ndugu zangu wakurima, habari za kurara?" Nikapiga mstari. Akasoma salamu za mama mmoja wa Nemba ambaye kuku wake wameanza kutaga, akacheka peke yake hewani kana kwamba kuku ni wake. Audax naye akacheka.

"Amekosea mara ngapi?" akaniuliza.

"Nimeacha kuhesabu."

"Mimi nimeelewa yote, Mama Irakoze," akasema, akaendelea kunoa jembe.

Audax hajawahi kuheshimu taaluma yangu.

Jumamosi 23 Septemba

Mvua! Tumepanda maharage mpaka mgongo ukakataa.

Jumatatu 2 Oktoba

Ildefonsa amekuja mwenyewe, bila kuitwa, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani. Amesikia habari, Ngara hakuna siri ya bodi.

"Shikamoo, Mwarimu."

"Marahaba. Mwalimu."

"Ndiyo, Mwarimu."

Nilimkaribisha ndani kwa sababu ya manyunyu, si kwa sababu ya ndizi. Ana miaka thelathini na ushei, mfupi, kanga yake safi, na sauti ambayo ukiisikia mezani kwako unadhani redio imewashwa. Akaniomba nimfundishe. Nikamuuliza kwa nini asitafute kazi nyingine, maana zamani alikuwa akiuza nyanya sokoni Kabanga na alizijua.

"Nyanya si dhambi, Mwarimu," akasema. "Rakini nyanya hazinisarimii. Redioni watu wananisarimia. Mtu yuko Nyabusozi, sijawahi kumwona, ananiambia ng'ombe wake amezaa. Nikitorewa hewani nitakuwa nani?"

Nikamwambia aweke ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu na aiache pale, asiipigepige. "La, le, li, lo, lu." Akajaribu. Ilitoka r nene kiasi kwamba Audax, aliyekuwa dirishani akijifanya anatazama mvua, ilibidi aende zake.

Atakuja kila Jumatatu. Nimemwambia wazi kwamba haya hayabadilishi maoni nitakayoandika, na kama ningeandika leo ningesema hafai. Alinishukuru. Hilo limenikera zaidi kuliko kama angelia.

Jumatatu 9 Oktoba

Leo redio imejaribu kipindi kimoja cha kurekodiwa. Sauti ya mwanamume, nzuri, kila herufi mahali pake. Nilifumba macho kwa raha. "Msikilizaji mpendwa, zingatia kanuni bora za uzalishaji wa zao husika."

Audax aliinuka. "Huyu bwana anazungumza na nani?"

"Na wewe."

"Mimi si zao husika," akasema, akaenda migombani.

Nikasikiliza mpaka mwisho peke yangu. Nilipotaka kumsimulia Audax wakati wa chakula, sikukumbuka bwana yule alikuwa akieleza zao gani.

Jumamosi 14 Oktoba

Palizi ya kwanza. Magugu ya mwaka huu yana kiburi.

Jumamosi 28 Oktoba

Maharage yametoa maua. Shamba la chini limekuwa jeupe na zambarau, na Audax ameacha kupiga mluzi.

Ildefonsa anapiga hatua. Nimemtungia sentensi ya mazoezi: Leta kalamu ya Lea ile pale. Anaisema njiani, anaisema akichota maji, na wauza samaki wa gulioni sasa wanamwita Lea. Mezani kwangu ameanza kuisema bila kosa. Shida ni hewani. Taa nyekundu ikiwaka tu, ulimi unarudi nyumbani. Jumatano alisema "kalamu" vizuri, nikapiga makofi peke yangu jikoni, kisha papo hapo akawakumbusha watu kununua "mborea".

Nimeanza kumpenda huyu binti, na jambo hili halinisaidii. Mwalimu anayempenda mwanafunzi husahihisha kwa jicho moja. Nimejikumbusha hivyo leo zaidi ya mara moja.

Jumamosi 11 Novemba

Kikao cha bodi. Wafadhili wamemtuma Bi Christina kutoka ofisi yao ya Mwanza, dada mpole, viatu vyake vimejaa tope la Ngara na hakulalamika. Nilikuja nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Nitajuaje kama kuna mtu anasikiliza?"

Nyanda akamjibu, "Wanasikiliza."

"Nitajuaje?"

Tukatazamana. Ni kweli, mnara unarusha, sauti inakwenda, lakini nani amewahi kuiona inapotua? Christina akatuambia bila kuficha: kama wasikilizaji hawaonekani, mtambo watauhamishia wilaya nyingine, na mjadala wa Ildefonsa utakuwa umekwisha wenyewe.

Basi tumeazimia kufanya Siku ya Wasikilizaji, Jumamosi tarehe mbili Desemba, uwanja wa mpira wa Nemba, ili watu wa Ngara na wa Biharamulo wakutane katikati. Vikundi vya wasikilizaji vitapewa kalamu na karatasi viandike vinachosikia redioni, Christina apate ushahidi wake. Thobias akasisitiza, na ikaingia kwenye muhtasari: chakula hakuna, kila mtu ale kwake. Nyanda hakuwepo kwa ajenda hiyo. Alikuwa nje akizungumza na simu kuhusu ndama aliyevunjika mguu.

Jumamosi 18 Novemba

Nataka kuandika siku hii polepole kwa sababu nimeifurahia.

Nilikwenda studio mwenyewe kusimamia tangazo. Studio yenyewe ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, na fundi mitambo wetu, Jean Paul, nyuma ya kioo. Nikaketi mbele ya Ildefonsa ili atazame midomo yangu. Tangazo alilitunga Thobias: "Wasikilizaji wote mnakaribishwa Nemba, Jumamosi tarehe mbili Desemba. Kutakuwa na kalamu kwa kila kikundi. Njooni wote."

Nilijua kikwazo kiko wapi. Akisema karamu, watu watakuja na vijiko. Jasho lilikuwa linanitoka utadhani mimi ndiye niliye hewani. Taa ikawaka. Ildefonsa akafika pale, akaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno, nikaiona, akaiacha, na akasema: "Kutakuwa na kalamu kwa kila kikundi." L safi kama ya mtoto wa Unguja! Jean Paul aliinua dole gumba. Nilimkumbatia mpaka vipokea sauti vikamchomoka masikioni.

Litarudiwa kila siku, hivyo hivyo lilivyorekodiwa. Nimerudi nyumbani na bodaboda kwenye mvua, nimelowa chapachapa, na nilikuwa naimba.

Jumanne 21 Novemba

Nimempigia Nyanda kujua kama tangazo linasikika kwao.

"Linasikika, Mwalimu. Watu wamefulahi sana. Hawajawahi kuona ledio inaita watu kwa kalamu."

Nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza. Wameelewa!

"Tena tumeona si vizuli kuwaachia nyie mzigo wote," akaendelea. "Tumekaa kikao. Na sisi tutaleta moja ya kwetu."

"Moja?"

"Moja inatosha, ni kubwa. Nyeusi."

"Nyeusi ni nzuri," nikamwambia, "inasomeka."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema kwa adabu.

Nimekaa nikitafakari. Wafugaji wamefanya kikao kuchangia kalamu, hata kama ni moja. Nilikuwa nawadhania watu wa ng'ombe tu, wasiojali maandishi. Nimemwambia Audax, naye akaniuliza kalamu kubwa ni ya namna gani. Nimemwambia asidharau juhudi za watu.

Jumamosi 25 Novemba

Mvua mchana kutwa. Maharage yamejaza maganda. Mbuzi wa jirani amekula mstari mzima.

Jumatano 29 Novemba

Radi imepiga jana na redio imenyamaza. Jean Paul anasema kifaa kilichoungua hakipatikani hapa, kinatoka Mwanza, na hatutarudi hewani kabla ya Jumatatu. Yaani Christina atakuja kutafuta wasikilizaji wa redio iliyo bubu. Ukimya huu asubuhi ni mbaya. Audax amewasha redio mara tatu, akitegemea labda.

Alhamisi 30 Novemba

Ole wangu.

Deodata, jirani yangu, alikuwa anakoroga rubisi nyuma ya nyumba yake, mtumbwi mzima wa pombe ya ndizi. Nikamuuliza nani anaoa.

"Haoi mtu, Mwarimu. Tunakwenda karamuni Nemba."

"Nani kakwambia kuna karamu?"

"Redio. Irdefonsa mwenyewe."

"Alisema kalamu."

"Ndiyo. Karamu."

"Ka-la-mu, Deodata! Ya kuandikia!"

Aliacha kukoroga, akanitazama kwa huruma. "Mwarimu, nani atatoka Mugoma hadi Nemba kwa ajiri ya karamu ya kuandikia?"

Nikakaa juu ya kinu chake. Kwetu sisi ya kuandikia ni karamu na ya kula ni karamu. Mtu huchagua anayoitaka, na mwenye njaa ya maandishi ni nani? Ufasaha wangu wote haukutoka nje ya studio.

Nimempigia Thobias. Ameuliza kama neno karamu limo kwenye muhtasari. Nimempigia Ildefonsa. Nikasikia tu anavuta kamasi. Nimempigia Nyanda, simu yake haipatikani. Na redio ya kusahihisha ndiyo hiyo imeungua. Angalau watu wa Nyabusozi wameelewa, nimejifariji. Wao wanaleta kalamu.

Kesho kutwa umati utafika kutafuta chakula kisichokuwepo, mbele ya Christina. Watu wenye njaa hawatoi ushahidi mzuri. Ildefonsa atabebeshwa lawama zote, na ulimi wake utakuwa kisingizio tayari mkononi. Naogopa.

Jumapili 3 Desemba

Sikwenda misa, Mungu anisamehe, miguu imevimba. Audax amenichemshia maji ya chumvi na nimeketi humo nikiandika.

Jana tuliondoka alfajiri na gari la Thobias. Ildefonsa alikaa nyuma na boksi la kalamu mapajani, amelikumbatia. Tulipofika Lusahunga akasema, "Ni urimi wangu, Mwarimu. Umeniponza."

"Ulimi wako ulisema sawasawa. Nilikuwa nimekaa mbele yako."

"Unanifariji tu."

"Mimi? Nimemfariji nani kwa habari ya herufi maishani mwangu?"

Akatabasamu kidogo, lakini hakuamini. Thobias alikaza macho barabarani. Mara moja tu alisema, kama anayejisemea, "Watasema tumekula mtambo."

Nemba tuliuona moshi kabla ya kuwaona watu. Kulikuwa na manyunyu na uwanja wa mpira ulikuwa umejaa kutoka goli hadi goli, na njiani bado walikuwa wanakuja. Nilitafuta nyuso zenye hasira. Nikaona masufuria. Watu wa Mugoma walikuwa wametangulia na fuso, na Deodata alikuwa ameshasimamisha mtungi wake wa rubisi chini ya mti. Ndizi zilikuwa zinamenywa. Kina mama wa Nyabusozi, wakiongozwa na Limi, mke wa Nyanda, walikuwa wanasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na pembeni yao michembe ya viazi vikavu na vibuyu vya maziwa mgando. Nilisahau jambo moja dogo ambalo mtoto yeyote wa huku analijua: karamuni haendi mtu mikono mitupu. Tuliwaita kula, wakaja na chakula.

Nyanda akaja ananyoosha mikono yote miwili, kofia kisogoni. "Kalibu Mwalimu, kalibu kwenye kalamu!"

Nyuma yake, ngozi ya fahali ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi. Nyeusi tii.

"Kubwa," nikasema.

"Nilikwambia."

Hapo ndipo nilipoelewa kikao cha Nyabusozi. Angesema "mmoja wa kwetu, mweusi", kama ngeli ya viumbe hai inavyotaka, ningejua siku ile ile. Na mimi nikamwambia fahali "inasomeka"! Nilicheka mpaka nikamshika Nyanda begani nisianguke, naye akacheka bila kujua sababu. Nilipomweleza, akakaa chini kabisa, kwenye tope, akapiga magoti yake kwa viganja.

Lakini Christina alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya gari na nakala yake ya muhtasari, akiangalia uwanja, hacheki.

"Mwenyekiti, hapa pameandikwa chakula hakuna. Nani aliwaalika watu hawa kwa karamu?"

Thobias akaanza kupekua nakala yake. Ildefonsa akaweka boksi chini, akapiga hatua mbele. "Ni mimi," akasema. "Ninachanganya herufi. Bodi haina kosa."

Niliona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Ningekaa kimya tu, na kila mtu angetoka salama isipokuwa yeye. Hasira ilinipanda, sijui ya nani, labda ya kalamu nyekundu.

"Si kweli," nikasema, kwa sauti ya darasani, hata waliokuwa wanamenya ndizi wakageuka. "Alitangaza kalamu, na aliitamka vizuri kuliko mimi na wewe. Nilikuwepo. Kwetu Ngara kalamu inaitwa karamu, na kwa kina Nyanda karamu inaitwa kalamu, kwa hiyo useme hili, useme lile, watu wa huku watasikia ubwabwa. Ukimleta bwana wa Mwanza asome tangazo lile lile, watakuja hawa hawa. Tena hapana. Kwa yule hawatakuja."

Christina akakunja karatasi yake, akaingia uwanjani peke yake. Alikwenda kikundi kwa kikundi, nami nikamfuata kwa mbali. Kwa kila kimoja aliuliza nani aliyewaletea habari, mwenyekiti wa kijiji au bango. Kila mmoja alijibu vile vile: Ildefonsa. Wengine walisema Irdefonsa. Hakuna aliyesema redio.

Kisha bibi mmoja kutoka Nyabusozi, amejitanda kaniki, akauliza, "Na yeye yuko wapi?" Watu wakamsogeza Ildefonsa mbele. Bibi akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni na nikaona hakuridhika. Nadhani alitegemea mtu mkubwa zaidi. Akafumba macho.

"Hebu sema kitu nikusikie."

Ildefonsa alinigeukia. Midomo yake ilikuwa inatafuta pa kuweka ulimi. Nikamtikisia kichwa: acha. Basi akavuta pumzi, na sauti ikatoka kama inavyotoka kila asubuhi.

"Ndugu zangu wakurima, habari za kurara?"

Uwanja mzima ukaitika. Watu wa Ngara wakasema "Nzuri, tumerara!" na watu wa Biharamulo "Nzuli, tumelala!" na zile herufi zikagongana hewani juu ya masufuria, kosa tupu kila upande, na mimi Auleria, mwalimu wa Kiswahili, nikalia mbele za watu. Bibi alifumbua macho. "Ndiye," akawaambia wenzake.

Tukala. Christina alikula ndizi na nyama ya fahali wa kina Nyanda, akaomba maziwa tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na jana sikuweza kujua nani mgeni na nani mwenyeji. Kalamu tuligawa mwishoni. Watu walizipokea kwa heshima, wakazichomeka masikioni, wakaendelea kutafuna.

Ijumaa 8 Desemba

Redio imerudi. Tumeanza kung'oa maharage. Audax anapiga mluzi, lakini huu ni wa aina nyingine.

Jumamosi 16 Desemba

Kikao cha mwisho cha mwaka. Akidi ilitimia, Thobias alituhakikishia zaidi ya mara moja.

Wafadhili wameandika kwamba mtambo unabaki. Kuhusu mtangazaji, wanaiachia bodi. Thobias akanipa nafasi nitoe maoni ya kitaalamu. Nilikuwa nimeyaandika tangu Jumapili ile kwenye maji ya chumvi, na nilipoyapunguza yote niliyoona si ya lazima, ilibaki sentensi moja. Nikasimama nikaisoma: "Mtangazaji anaeleweka."

"Ndiyo yote?" akauliza Thobias.

"Ndiyo yote."

"Mwenyekiti," akasema Nyanda, "tupige kula."

Safari hii hakuna aliyeita mandazi. Mikono yote ikainuka, wa Thobias pia, ingawa mwenyekiti kwa kawaida hapigi kura na yeye ndiye anayejua hilo kuliko sote. Ildefonsa aliitwa, akaambiwa akiwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliweka birika chini taratibu, kana kwamba lingevunjika, akatushika mikono mmoja mmoja. Nilipofikiwa nilimwambia masomo ya Jumatatu yanaendelea pale pale, asidhani amemaliza.

Ikabaki kusaini muhtasari. Thobias akapapasa mifuko, hana. Nikapekua mkoba wangu. Nilikuwa na ile nyekundu tu, na muhtasari hausainiwi kwa nyekundu. Nilikuwa na furaha, nimechoka, akili yangu ilikuwa shambani kwa maharage yanayongoja kupigwa, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Jamani, nani ana karamu?"

Thobias alitazama dari. Niliisikia mwenyewe, nimeshachelewa kuirudisha.

Ildefonsa alichomoa moja ya zile za Nemba sikioni mwake. Akanisogelea, akaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno, akaiacha pale.

"Kalamu, Mwalimu."

Nikaipokea. Nyanda akainama kuitazama mkononi mwangu, akauliza ni ya rangi gani, na nikamwambia ni nyeusi.

"Nyeusi ni nzuli," akasema, "inasomeka."